Nyota Tano kutoka Haneti

Watu wa masoko wana ugonjwa mmoja: wakishakitangaza kitu, wanaamini kipo. Frank alikuwa nao ugonjwa huo, tena ulikuwa umekomaa. Yeye alikuwa meneja wa masoko wa Fikapo, app ya kuita gari kwa simu, na mimi Yudith nilikuwa mhudumu wa wateja. Kwa maneno mengine, yeye aliahidi na mimi niliomba radhi.

Ofisi yetu ilikuwa Chang'ombe ya Dodoma mjini, juu ya duka la vifaa vya umeme, chumba kimoja chenye feni mbovu na bango kubwa ukutani: Bonyeza, Tumefika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Fikapo ilitembezwa hadi ikapasuka visigino. Ilitembezwa redioni, ilitembezwa magulioni, ilitembezwa hata kwenye sherehe za kipaimara za watu wasiotualika.

Mjini tulijitahidi, sitasema uongo. Madereva walikuwepo, na mteja akilalamika nilikuwa na mtu wa kumpigia. Balaa lilianza Frank alipotaka tuonekane tumefika hadi vijijini kabla ya wale wanaotupatia mtaji kuja kututembelea. Haneti tulikuwa na dereva mmoja tu, Matonya, na Noah yake iliyochoka. Mwezi ule Noah ilikuwa huku mjini, Kizota kwa mafundi, injini imeshushwa chini, na Matonya analala kwa shemeji yake akisubiri kipuri. Frank akasema ramani tupu inatia aibu. Akamwagiza Abuu, mtaalamu wetu wa mitambo, aweke picha ya gari pale Haneti, karibu na shule, ili mtu akifungua simu aone tupo. Abuu alinung'unika, akaiweka. Mimi nilisema huo ni uongo. Nikajibiwa kwamba kazi yangu ni kuwa na sauti nzuri.

Halafu kulikuwa na Fika. Fika hakuwa mtu, ilikuwa mashine ya kuwajibu wateja kabla ujumbe haujanifikia mimi. Frank aliipa salamu ya Kigogo, aliyojifunza kwa mama anayetuuzia chai, ili app ionekane ya nyumbani. Kila aliyeiandikia alijibiwa: Mbukwenyi, u hali gani leo? Yeye ni mtu wa Dar, kwake hilo lilikuwa pambo.

Kwetu salamu si pambo. Mimi ni Mgogo wa Chamwino, najua ninachosema. Ukisalimiwa unaitikia, unasema sisi wazima, hata kama nyuma yako paa linaungua. Unauliza na wa upande wa pili wameamkaje. Ukishajibiwa, ndipo unasema "ila", na shida ya mtu hukaa baada ya hiyo ila. Mtoto aliyeingia nyumbani kwetu na shida mdomoni kabla ya salamu, bibi alimrudisha mlangoni aingie upya.

Nilimweleza Frank yote hayo. Nilimwambia mashine yake ikimuuliza Mgogo hali, atasema salama, na yenyewe ikisikia salama itadhani kazi imekwisha, itafunga mazungumzo na kumwomba nyota. Mtu wetu akiombwa kitu kwa adabu anatoa. Na aliyetoa nyota tano alipelekwa kwenye kapu la walioridhika, ambalo hakuna aliyelisoma isipokuwa Frank akitafuta sifa za kubandika mtandaoni. Mimi nililetewa wale waliotoa nyota moja, au waliokataa kabisa kutoa. Yaani ili uongee na binadamu Fikapo ilibidi kwanza ukose adabu. Frank akacheka, akasema nyota ni nyota.

Jumanne moja, wakati wa mavuno ya alizeti, alifika ofisini na bashasha. Alikuwa ameokota ujumbe kwenye kapu lile asubuhi hiyo hiyo, na tayari alikuwa ameubandika mtandaoni pamoja na picha ya shamba: "Mbukwenyi. Sisi wazima, salama kabisa, sijui ninyi huko. Mungu awabariki kwa kazi. Ni mimi Luka wa Haneti."

Watu waliupenda kwa fujo. Huyu aliandika Dodoma sasa ni Ulaya. Huyu aliandika mzee Luka kalipwa, mwenye macho haambiwi tazama. Wengi walikuwa wanacheka tu, maana mtandaoni mtu wa kijijini akisema salama ni kichekesho tosha, haihitaji zaidi. Frank alikuwa anatusomea kwa sauti huku anatikisa mguu.

Katikati ya vicheko hivyo nikaona maoni ya mtu aliyejiita Swaumu. Alisema huyo Luka ni jirani yake, kwamba mkewe kaumwa na nyoka na yupo barabarani tangu asubuhi anasubiri gari letu. Chini yake watu walikuwa wameshamjibu. Mmoja aliweka sura za kucheka. Mwingine aliuliza nyoka naye ameita gari au anapanda pikipiki. Kabla sijamaliza kusoma, maneno ya Swaumu yakatoweka kwenye kioo. Frank alikuwa ameyaficha. Alisema hao ni washindani wetu, wanatuchafua.

 Nilifungua kapu la walioridhika bila kuomba ruhusa, nikamtafuta Luka. Alikuwepo, tena si mara moja.

Mara ya kwanza alisalimia, akaishia pale, kwa sababu alikuwa anasubiri aitikiwe kama mtu anavyoitikiwa. Mashine ikamwambia imefurahi kusikia hivyo, ikaomba nyota. Akatoa tano. Mazungumzo yakafungwa. Akaanza upya, akasalimiwa upya, akasema salama, ila nina mgonjwa. Mashine ikasikia salama. Ikafurahi, ikaomba nyota, akatoa tano. Nikaona jinsi alivyokuwa anaelewa: alidhani nyota ndiyo hodi, kwamba ukitoa za kutosha mlango utafunguliwa. Ujumbe wake wa mwisho ulisema hivi:

"Mbukwenyi. Tu salama. Nyota nimewapa zote ndugu zangu, kama kuna nyingine zinatakiwa niambieni. Mke wangu Scolastika aliumwa na kifutu tukivuna. Mguu umevimba hadi pajani. Gari lenu naliona ila halisogei. Kama dereva amekwama, tuna vijana hapa waje kusukuma."

Chini yake Fika ilikuwa imemshukuru kwa subira yake.

Kumpigia mteja simu kulikatazwa. Nilipiga. Alipokea papo hapo, akaanza: mbukwenyi, za huko, mmeamkaje. Sauti ilikuwa inamtetemeka na bado anasalimia. Tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kumkata mtu mzima salamu yake.

"Baba, usinisalimie. Mgonjwa yuko wapi?"

Alikuwa pale pale kando ya barabara, kwenye mkeka, amefunikwa kitenge. Luka alinieleza haraka haraka, kama mtu aliyepewa ruhusa ghafla. Mganga wa zahanati alishasema apelekwe hospitali kubwa mjini bila kuchelewa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama mwenye uchungu. Jirani yao, Sila, alitoa pikipiki yake tangu asubuhi, ila Luka alimshukuru na kumwambia gari limeshaitwa. Ukishamwita mtu naye akasema anakuja, humwiti mwingine nyuma yake. Ni kumdharau.

"Gari halipo, baba," nikasema.

"Lipo, mwanangu. Naliona hapa kwenye simu. Liko karibu na shule."

"Kuna aliyekwenda shuleni kuliangalia?"

"Nimetuma mtu, kasema hakuna kitu. Nikadhani limeegeshwa nyuma ya nyumba za walimu."

"Hiyo ni picha, baba. Iliwekwa tu. Dereva yuko Kizota na gari lake halina injini."

 Nyuma yake nikamsikia mwanamke anakoroma, pumzi nzito ya mtu anayevuta kitu kizito. Ningefurahi kama Luka angenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ndiyo kazi niliyoajiriwa.

"Sasa yule anayenisalimia tangu asubuhi ni nani?" akauliza.

"Si mtu. Ni mashine."

"Ila anajua Kigogo," akasema.

 Nikamwambia amwite Sila sasa hivi, wamfunge Scolastika katikati yao na kitenge, waanze safari, mguu usikandwe wala kufungwa kamba, na simu asiizime. Nikasikia anaita jina la Sila kwa sauti ambayo naamini ilifika hadi mashambani. Kisha simu ikakatika.

Nilimpigia Matonya kule Kizota. Huyo sina baya la kusema juu yake. Hakuniuliza nani atamlipa mafuta. Aliazima pikapu ya fundi, akachomoka kwenda kuwapokea njiani.

Frank alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitaka kujua kama ni kweli nimemwambia mteja, kwenye simu ya ofisi, kwamba gari ni picha. Nikamwambia ndiyo. Akasema sijui chochote kuhusu jina la kampuni, kwamba jina likichafuka halisafishiki. Nikamuuliza kama mguu wa Scolastika unasafishika. Abuu alivuta kiti chake, akaifuta ile picha ya gari kwenye ramani, kisha akainamisha kichwa mezani. Na Haneti ikabaki tupu kama ilivyokuwa siku zote.

Saa zile sizitamani hata kwa adui yangu. Nilipiga simu ya Luka, haikupatikana. Nilipiga ya Matonya, ikaita bila kupokelewa. Wakati huo huo wateja wa mjini waliendelea kuniandikia kwamba dereva kaweka muziki mkubwa, dereva hana chenji, na mimi nikawajibu kwa sauti nzuri, pole sana, tunalifanyia kazi. Posti ya Luka ilikuwa bado inapendwa. Nilimsihi Frank aitoe. Akasema akiitoa sasa itakuwa kama tumekiri.

Jioni Matonya akapiga. Walikutana njiani, wakamhamishia kwenye pikapu, wamemfikisha hospitali. Nikamuuliza hali. Akasema anapumua, ila hajui alipo, anamwita mama yake aliyekufa zamani. Nilishika ile "anapumua" nikaenda nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaisalia. Sikuwa na kingine cha kushika.

Asubuhi nilikuta mtandao umegeuka. Swaumu alikuwa amepiga picha maneno yake kabla hayajafichwa, na sasa yalikuwa yamesambaa kila mahali. Wale wale waliouliza kama nyoka anapanda pikipiki walikuwa wanalia kwa herufi kubwa. Waliilaani Fikapo, wakamlaani Frank, wakataka kujua ni mpumbavu gani anayekaa huduma kwa wateja. Kila mmoja aliweka picha ya mshumaa wake, kisha akaenda kucheka kwenye ukurasa wa jirani. Frank alikuwa amejikunja mezani anatunga taarifa. Aliniuliza ipi inagusa zaidi, "tumeguswa" au "tumesikitishwa". Nilimtazama nikaona mtu anazama na bado anatafuta neno la kuuza.

Nikampigia Luka. Simu iliita hadi ikakata. Nikapiga tena, ikawa hivyo hivyo.

Katika purukushani hiyo hakuna aliyekumbuka kuizima Fika. Kila asubuhi iliwatumia wateja wote salamu, na asubuhi ile pia iliwatumia, mbukwenyi, u hali gani leo, tuko hapa kwa ajili yako. Na mezani kwangu, kwenye foleni yangu mwenyewe, siyo kwenye kapu la walioridhika, ukaingia ujumbe kutoka Haneti.

"Mbukwenyi. Yule binti wa ofisini ameniambia wewe si mtu. Lakini umenisalimia, na salamu haiachwi hivi hivi. Sisi wazima, sijui ninyi huko. Ila Scolastika ametutoka alfajiri. Alikuwa anauliza kama gari limefika, nikamwambia limefika."

Chini yake mashine ilikuwa imejibu kwamba imefurahi kusikia hivyo, ikamwomba nyota.

Safari hii Luka hakutoa hata moja. Ndiyo maana ujumbe ulinifikia mimi.