Mtu wa Kumi

Chupa ya chanjo ya homa ya manjano inatosha watu kumi, na ikishafunguliwa haingoji kesho. Ndiyo maana pale kituo cha afya hawakuwa wakiifungua mpaka benchi lijae. Siku ile walikuwa wameshafika tisa, wengi wao madereva wa malori ya kuvuka mpaka, pamoja na mzee mmoja, Nikodemu, mpishi wa kambi za barabara, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe aliwahi kulisha watu mia tatu kwa kuku mmoja na mchuzi ukabaki. Wiki iliyotangulia walirudishwa kwa sababu walikuwa saba. Kwa hiyo Naima alipoingia ukumbini, anatweta, kitambulisho mkononi, walimpokea kama bibi harusi.

"Huyo wa kumi huyo!"

"Karibu dada, kaa hapa, nesi asije akakukosa kwenye hesabu!"

Naima alitoka Somanga na basi la alfajiri. Yeye hakuwa wa lori. Alipata kazi ya kufua mashuka kwenye meli ya watalii, ile ya ghorofa juu ya ghorofa, inayozunguka visiwa na bahari za watu miezi tisa bila kumrudisha mtu kwao. Wakala aliyempatia kazi, Kornelio, alimwambia kilichobaki ni kadi ya njano ya chanjo tu. "Na mtoto usije naye. Wakikuuliza, huna."

Anaye. Anaitwa Amiri, ana miezi minne. Baba yake alikwenda Mtwara kubeba magunia ya korosho, na siku hizi simu yake hupokelewa na mwanamke mwenye sauti nzuri sana. Alfajiri ile Naima alimnyonyesha mtoto gizani, titi moja, basi likapiga honi, la pili akamwahidi akirudi. Akamwachia mama yake, Bi Sada.

Nesi Consolata alimwita mezani, mbele ya wote, maana chumba cha faragha kilikuwa kimewekwa mifuko ya simenti ya ujenzi usioanza.

"Una mimba?"

"Hapana."

"Unanyonyesha?"

"Hapana."

Upande wa pili wa ukumbi ule ule ilikuwa kliniki ya watoto. Mtoto wa kwanza akachomwa sindano ya paja, akavuta pumzi, akalia. Wa pili akamfuata kabla hajaguswa. Naima alisikia kifua kinamsisimka, akakunja mikono haraka, akaanza kufikiria mambo mengine: bei ya mafuta ya kula, paa la jikoni, chochote. Haikusaidia. Gauni la kijani la kuazima likalowa sehemu mbili, na madoa yakawa yanapanuka huku nesi akiyatazama.

Nesi akaweka kalamu chini. "Ana muda gani?"

"Minne."

"Minne nini, miaka?"

"Miezi, sista."

Consolata hakumfokea, na hilo ndilo lililomwogopesha Naima zaidi. Alimweleza taratibu kwamba ndani ya dawa ile mna kirusi hai, kilichodhoofishwa tu. Mtu mzima hana shida nacho, lakini kinaweza kupita kwenye maziwa, na kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi sita kinaweza kwenda kwenye ubongo. "Rudi akitimiza sita."

"Meli inaondoka mwisho wa mwezi huu."

"Basi ukichoma leo, kuanzia leo humpi titi. Wiki mbili nzima. Unakamua, unamwaga. Yeye mpe maziwa ya kopo."

Naima nusura acheke. Kopo lile, katika duka la dawa la Somanga, hukaa kwenye kabati lenye kufuli, jirani na dawa za nguvu za kiume.

Benchi lilikuwa limesikia kila neno. Dereva mmoja, Josephat, akasimama. "Dada yangu, choma basi tuondoke. Nina mzigo wa Lubumbashi, tajiri anapiga simu mpaka betri inalia."

"Mwacheni, ni mtoto wake," akasema mwingine, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "ila watoto wa siku hizi wanakula hata chipsi."

"Mimi nimekua kwa uji wa mtama," akasema Mzee Nikodemu. "Niangalieni."

"Tunakuangalia, mzee. Ndiyo maana anaogopa."

Wakacheka, na Naima naye akajikuta anacheka, machozi yanamtoka.

"Sista, si ufungue tu? Wao tisa wachome, mimi niende."

Consolata akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake. "Dozi moja ikimwagika naandika barua ya kujieleza. Mtoto akikosa titi, hakuna atakayeniuliza."

Naima akatoka barazani kumpigia Kornelio. Hakumaliza kueleza.

"Naima, mimi sikuzaa na wewe. Ijumaa ikinikuta sina kadi mkononi, nafasi naipa mwingine. Lindi nzima imejaa wasichana wasio na maziwa."

Akampigia mama yake. Nyuma ya sauti ya Bi Sada mtoto alikuwa analia kilio cha kukata tamaa, kile cha kupumzika katikati.

"Nimempa maji ya sukari," Bi Sada akasema. "Unarudi saa ngapi?"

"Sasa hivi, mama."

Hakutaja sindano. Alibaki amesimama akitazama barabara. Akirudi bila kadi, Amiri atanyonya leo, na kesho, na keshokutwa, mpaka maziwa yakauke kwa njaa ya mama. Akirudi na kadi, leo hatalala kwenye titi. Akajaribu kukumbuka alivyomtoa titi kinywani alfajiri ile, kama alikuwa amefumba macho au la. Hakukumbuka. Yeye alikuwa anatafuta kiatu.

Akaingia ndani, akapandisha mkono wa gauni.

Chupa ilipofunguliwa, Mzee Nikodemu alipiga makofi, na wengine wakamfuata.

Naima alifika Somanga baada ya alasiri. Amiri alimsikia kabla ya kumwona, akageuza shingo kwenye mkeka, mdomo wazi. Bi Sada alikuwa na kikombe cha uji mkononi na uji mwingine kifuani pake, umetemwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mchukue mwanao, kanitoboa masikio."

"Siwezi, mama." Akaeleza, amesimama mbali, nje ya ukuta wa makuti, ili mtoto asinuse maziwa.

Bi Sada akasikiliza mpaka mwisho. "Tangu lini wanafunga titi kama duka?"

Kilio ndicho kilichomleta Moza, jirani yao, muuza samaki wa kukaanga kama Naima, ambaye naye alikuwa na binti mchanga. Aliweka sinia lake mlangoni, akamwokota Amiri bila kuuliza.

"Moza, subiri," akasema Bi Sada. "Akishiba kwako mara tano, kwa sheria ya dini ni mwanao. Ndugu wa wanao, milele."

"Sheria naijua, Bi Sada. Tumwache alie mpaka meli irudi?" Akamgeukia Naima pale nje. "Wewe ndiye mama yake. Unaridhia?"

Naima akaitikia kwa kichwa.

Amiri alihangaika kidogo, akapata, akanyamaza. Ukimya ule uliingia uani kote. Bi Sada akaweka kikombe chini. "Hii moja," akasema.

"Haya, moja," akasema Moza, akimpapasa mtoto kisogo. "Pole pole, mwanangu, hakuna anayekunyang'anya."

Barabarani basi la kwenda Dar likapiga honi.

"Naima, nishikie sinia, mwenzio nimefungwa," Moza akasema. "Wauzie hao."

Naima akabeba sinia akakimbia. Wanawake wa Somanga husema aliwahi kukimbia na dirisha la basi mpaka Nangurukuru akidai chenji; si kweli, ila siku ile alikuwa wa kwanza kufika. Akainua samaki. Abiria mmoja, mama aliyevaa miwani, akachagua changu mmoja, akamtazama kifuani.

"Mwanangu, umemwagikiwa na maji."

"Ndiyo, mama," akasema Naima. "Ni maji."