Saa Kumi na Sita za Mama Pasi

Kule kwenye kiwanda cha kufulia walimwita Kalamu, kwa kuwa hakukosa kalamu aliyoichomeka kwenye nywele. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu: nani apakie mashine, nani akunje mashuka, nani apige pasi, siku gani na kwa saa ngapi. Kazi hiyo aliimudu vizuri. Alichokikosa maishani ni mdogo wake.

Mdogo wake aliishi mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na kwa miaka sita walikuwa wakisikiana kwenye simu tu. Walikua wakilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Hata sasa, Kalamu akilala peke yake, hujikuta amejibana ukutani kumwachia mwenzake nafasi. Mwezi uliopita mdogo mtu alipoteza kazi.

"Dada, nitafutie huko," alisema. "Hata ya kufagia. Nikipata ya wiki nzima, si ya siku moja moja, kesho yake nafunga mizigo."

Jumatatu Bosi akamwita Kalamu ofisini.

"Tuna watu kumi na mmoja," alisema, akigonga orodha ya majina kwa kidole. "Na bado mashuka ya hoteli yanachelewa! Wanapiga soga tu hawa. Nataka kupunguza wawili."

"Bosi, umehesabu vichwa. Hesabu saa."

"Saa gani tena?"

Kalamu akachomoa kalamu. "Mfanyakazi kamili hapa anafanya saa arobaini kwa wiki. Wa hivyo ni sita tu, saa mia mbili na arobaini. Wanne wanafanya nusu, ishirini kila mmoja, hizo themanini. Mama Pasi anakuja siku tatu, saa ishirini na nne. Jumla mia tatu arobaini na nne. Gawanya kwa arobaini."

Bosi akabonyeza kikokotoo. "Nane nukta sita."

"Basi hao ndio watu ulio nao. Hawafiki hata tisa."

Bosi akajikuna kidevu. "Kumbe tumepungukiwa! Haya, nipimie kazi yote, Jumatano uniambie tunahitaji wangapi. Ukisema tumepungukiwa mtu mzima, naajiri mtu mzima."

Kalamu alitoka pale akimwaza mdogo wake. Siku mbili alizunguka na saa mkononi, akipima mashine inapakiwa kwa dakika ngapi na shuka linakunjwa kwa muda gani. Jumanne alasiri alijifungia stoo, katikati ya magunia ya sabuni, akajumlisha. Kazi ilihitaji saa mia tatu na sitini. Watu tisa kamili. Pengo lilikuwa saa kumi na sita, nukta nne ya mtu.

Siku mbili za kazi. Nani anavuka nchi nzima kwa siku mbili za kazi?

Akachukua karatasi nyingine. Akiongeza kidogo tu kwenye kila shuka, nani angejua? Bosi hajawahi kukunja shuka tangu azaliwe. Akaandika mia tatu themanini na nne, na hapo pengo likawa mtu mzima. Tayari alimwona mdogo wake akishuka kwenye basi, akilalamikia miguu iliyovimba.

Mlango ukafunguliwa. Ni Mama Pasi, amefuata sabuni.

"Kalamu, mwanangu, zile siku zangu vipi? Mwaka wa pili huu nakuomba. Siku mbili kila wiki nakaa nyumbani natazamana na ukuta, na mikono ninayo."

Hesabu hiyo haikuhitaji kikokotoo. Ishirini na nne na kumi na sita.

"Vuta subira mpaka kesho, mama," alisema Kalamu. Mama Pasi alipoondoka, akaichana ile karatasi ya pili vipande vipande.

Jumatano Bosi alisoma karatasi ya kwanza, akatia saini, na Mama Pasi akawa wa wiki nzima. Alimkumbatia Kalamu mpaka akamkosesha pumzi.

Saa ya chakula Kalamu alipiga simu, akaeleza yote, hata ile karatasi aliyoichana.

"Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo," mdogo wake akasema. "Ila ningelia."

"Unadhani mimi nimefanya nini?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha pua zilizoziba.

"Likizo yako lini, dada?"

"Mwezi wa nane."

"Basi njoo wewe. Chumba ni kidogo, lakini tutabanana."

Kalamu akasema atakuja. Ulikuwa mwezi wa tatu. Alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika, mpaka mtu akamwita kutoka kwenye mashine.