Jina la Mtoto wa Mwenzake

Wino haukutoka. Kenna alisimama mbele ya sinki la jikoni, maji ya moto yakifuka mvuke, akisugua migongo ya mikono yake kwa chumvi na ganda la limau. Zile X mbili nyeusi, moja kila mkono, ziliendelea kumkodolea macho mama yake. Norene alikuwa mezani akimenya viazi, na kila chumvi ilipokwaruza ngozi ya bintiye, moyo wake ulikwaruzika nao.

"Kama si kitu kibaya, unasugua kwa nini?"

"Kesho ni kanisani, Mama. Sitaki wale kina dada waanze tena kunililia."

"Nani amekuchora?"

"Nimejichora mwenyewe, mlangoni. Kila anayeingia hujichora."

"Na huko ndani mnafanya nini?"

"Tunasikiliza muziki, tunarukaruka, tunarudi makwetu. Nimekwambia mara ngapi? Hatunywi, hatuvuti, hatumezi kitu."

Neno hilo la mwisho Kenna alilitoa polepole akimtazama mama yake usoni, kisha akafunga bomba.

Huo ulikuwa mwaka 1998, hapa kwetu Elsing, Utah, mji ambao kanisa lake lilikataza pombe, tumbaku, hata chai na kahawa, na watu wake walijivunia kwamba mlevi wa mwisho alihamia jimbo jirani la Nevada. Norene Hadlock hakuwahi kuonja bia maishani mwake. Alikuwa dobi katika hospitali, na siku moja aliinua kapu la mashuka mabichi na kitu fulani kikakatika kiunoni. Daktari alimwandikia vidonge. Vilikuja katika kichupa chenye jina lake, vikamrudishia usingizi, vikamrudisha kazini, na yeye akavishukuru katika sala zake kama mtu anavyomshukuru jirani mwema.

Lakini tangu majira ya kiangazi, kichupa cha mwezi kilikuwa kinaisha tarehe ishirini. Baadaye kikawa kinaisha tarehe kumi na saba. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na binti wa miaka kumi na saba ambaye ghafla aliacha kula nyama, akanyoa nywele upande mmoja, na kila Jumamosi akachukuliwa na kijana mwenye kipara katika gari bovu la buluu. Mwenye kuibiwa hatafuti mbali. Norene alijumlisha, na jumla yake ikamnyima raha.

Jumanne iliyofuata wazazi waliitwa kwenye bwalo la shule. Sajenti Garff, ambaye siku za Jumapili alifundisha darasa la kanisa, alizima taa akaonyesha picha ukutani: mikono yenye X, minyororo mezani, mvulana mwenye jicho lililovimba.

"Hawa hujiita Ukingo Ulionyooka," alisema. "Watawaambia hawagusi dawa. Wapendwa, kila genge lina uongo wake."

Nyuma kabisa alinyanyuka mzee Ostler, fundi saa mstaafu. "Ndugu Garff, mimi sijanywa pombe wala kahawa kwa miaka sabini na mmoja. Na mimi niandikwe?"

Watu walicheka. Garff naye alicheka. "Wewe ukianza kubeba mnyororo, Ndugu Ostler, nitakuja mwenyewe."

"Mjukuu wangu habebi mnyororo. Anabeba vitabu vya huduma ya kwanza. Anasomea kazi ya gari la wagonjwa."

"Basi hana la kuogopa," alisema Garff, na karatasi zikaanza kupitishwa. Mzazi anayejua jina lolote aliandike. Si kumshtaki mtu, alieleza, ni kumkinga kabla maji hayajazidi unga.

Kalamu ya Norene ilisimama juu ya karatasi. Kuandika jina la Kenna hakuthubutu. Lakini kuirudisha karatasi tupu ilikuwa kama kumwacha mtoto ndani ya nyumba inayoungua. Akaandika: Thayne Ostler. Akaongeza gari la buluu, taa ya nyuma ya kushoto imevunjika. Safu nne nyuma yake, babu wa kijana huyo alikuwa akivaa kofia yake polepole, akitafuta mlango. Mkono wa mama humzunguka mwanawe wala hautazami umemsukuma nani.

Jumamosi mchana alijikaza akaenda kujionea. Kundi la vijana lilikuwa likipiga muziki katika ghala la zamani la mazulia, nyuma ya kituo cha treni za mizigo. Mlangoni alikaa msichana mnene mwenye kalamu ya wino mzito.

"Karibu, mama. Tukuchore?"

"Mimi? Hapana! Inamaanisha nini hasa?"

"Zamani baa zilikuwa zinawachora watoto alama hii ili wasiuziwe pombe. Wenzetu wa kwanza wakasema, sawa, tutajichora wenyewe, hata tukikua." Akatabasamu. "Ndiyo hadithi yote. Watu huwa wanatarajia damu ya mbuzi."

Norene alijibanza ukutani. Ngoma zilipoanza alizihisi katika meno. Vijana waligongana vifua, mabega na viwiko, nyuso zimekunjamana, na mwimbaji akipayuka kama mtu anayenyang'anywa kitu. Akatafuta simu kwa macho, maana bila shaka mtu alikuwa anauawa. Hapo kijana mmoja aliteleza akaanguka, na kabla hajagusa sakafu vizuri mikono kumi ilikwisha mnyanyua, mmoja akampangusa suruali, mwingine akamrudishia kiatu. Vurugu ikaendelea. Hakukuwa na harufu ya moshi wala bia, ila jasho na maji ya machungwa.

Wimbi la watu lilirudi nyuma likambana, na kiuno chake kikamchoma. Aliona giza. Alipopata fahamu ya kutosha alijikuta ameketi kwenye kiti cha chuma nje ya mlango, juani, na Thayne Ostler amechuchumaa mbele yake na bilauri ya maji.

"Pumua taratibu, Mama Kenna. Usisimame kwanza."

Norene alifungua mkoba, akatoa kichupa. Kijana aliangalia ile mikono ikihangaika na kifuniko.

"Samahani kukuingilia. Pale mlangoni ulimeza viwili. Hata nusu saa haijapita."

"Sikumeza kitu."

"Nilikuwa nabeba spika. Nilikuona."

"Umeniona vibaya! Wewe ndiye wa kuniambia mimi habari za dawa? Wewe?"

Thayne hakukasirika, na kutokasirika kwake ndiko kulikomkata. "Mama yangu alianza kwa jino," alisema. "Jino tu. Babu hapendi nilizungumze." Akaweka bilauri chini, akaondoka kwenda kumwita Kenna.

Ndani ya gari, mama na binti walipita taa tatu za barabarani. Kwenye ya nne Norene alipasuka. "Niambie ukweli. Umekuwa ukichukua vidonge vyangu?"

"Mimi?" Kenna alicheka kicheko kikavu, kisha machozi yakamlenga. "Mama, mimi huwa navihesabu. Kila asubuhi ukiwa bafuni. Navihesabu nijue kama nikirudi kutoka shule nitakukuta hai."

Taa ikawa kijani. Magari ya nyuma yakapiga honi. Norene hakuondoka.

Usiambiwe kwamba alibadilika pale pale. Moyo si taulo ukaukunja mara moja. Jumapili alikana. Jumatatu alianza kutia alama kwenye kalenda kila alipomeza, na kufikia jioni kulikuwa na alama tisa, mbili kati yake hakukumbuka kuzitia. Ndipo akaikumbuka karatasi ya bwalo. Jumanne aliinua simu ampigie Garff, akaitua. Ili jina la kijana lifutwe ilimbidi aseme kwa nini aliliandika, na ili aseme hayo ilimbidi asimame uchi mbele ya mji uliomjua kama Dada Norene wa keki ya karoti. Jumatano aliinua tena, akatua tena. Kesho, alijiambia. Kesho ni neno jepesi kwa yule ambaye jina lake haliko kwenye karatasi.

Alhamisi alasiri, katika uwanja wa duka la baga, vijana wawili wa chuo walimmwagia bia mmoja wa wale vijana wa ukingo, jina lake Cade, ambaye hata wenzake walimwogopa. Alikuwa wa aina ile ambayo hufikiri kujinyima ni kibali cha kuwapiga wasiojinyima. Cade alimvunja mmoja taya, akakimbia. Wenzake nao wakakimbia. Aliyebaki alikuwa Thayne. Alimlaza majeruhi ubavu, akamshika kichwa ndani ya koti lake, akazungumza naye mpaka ving'ora vilipofika. Polisi walimkuta na damu hadi viwikoni, X kwenye mikono, gari la buluu kando yake.

Kenna alileta habari akihema. "Hawakumuuliza hata jina, Mama! Walikuwa nalo tayari. Walijua gari, walijua hata ile taa iliyovunjika. Nani aliwaambia habari za taa?"

Norene alishika ukingo wa meza. Kisha akageukia sinki akaanza kuosha sahani safi, na binti yake alikuwa amejaa hasira mno asione.

Baada ya siku mbili majeruhi aliandika kwenye karatasi, maana taya lilikuwa limefungwa waya, kwamba aliyekamatwa ndiye aliyemsaidia. Thayne aliachiwa. Lakini chuo cha wahudumu wa gari la wagonjwa, alikokuwa ameomba nafasi, kilikuwa kimekwisha uliza polisi kama ilivyo kawaida yake, na kimejibiwa: yumo katika orodha ya magenge. Nafasi akapewa mwingine.

Norene alimwendea Garff ofisini. Alisema yote: vidonge, karatasi, taa. Sajenti alimsikiliza akizungusha kalamu, na uso wake ulionyesha huruma ya kweli, jambo ambalo lilizidisha ubaya.

"Dada Norene, umefanya jambo gumu. Lakini jina haliondoki kwa sababu aliyelileta ameona haya. Ni miaka mitano bila tukio. Na sasa tukio lipo."

"Tukio gani? Alimwokoa mtu!"

"Alikuwepo," alisema Garff.

Kutoka huko alikwenda kwa mzee Ostler. Thayne alikuwa uani akipasua kuni, na babu alikuwa ndani, saa zake zikigonga kila moja kwa wakati wake. Norene alimweleza kijana yote amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kukaa, wala asingekaa.

Thayne alipasua gogo jingine, kisha jingine. "Kenna anajua?"

"Bado."

"Basi umeanzia mahali pasipofaa," alisema, na shoka likashuka. Baada ya muda aliongeza, bila kumtazama, "Sitakwambia si kitu, Mama Kenna. Ni kitu. Ulimeza leo?"

"Vitatu."

"Usiviache vyote kwa siku moja. Mwili unaweza kukuangusha. Kuna kliniki wilayani, wanapunguza kidogo kidogo."

Alimwambia Kenna jioni hiyo, kabla ya chakula. Binti hakupiga kelele. Aliinuka, akaosha sahani yake ambayo haikuwa imeliwa kitu, akapanda chumbani. Kwa siku kumi na tisa nyumba ile ilikuwa na watu wawili na sauti ya jokofu. Norene alitetemeka, akatapika, akaamka, akaenda kanisani, akaketi safu ya mwisho pembeni mwa wanawake waliokuwa wamekwisha sikia na ambao sasa walimwekea mikoba yao kati yao na yeye, kwa adabu. Aliandika barua mbili kwa chuo kile. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili alijibiwa kwamba wanamshukuru kwa kuwaandikia.

Siku ya ishirini ilikuwa ya kliniki. Alipotoka na funguo, alimkuta Kenna ameketi ndani ya gari, kiti cha abiria, anatazama mbele. Waliendesha maili thelathini, theluji ya kwanza ikiwa imekwisha shika vilele, na hakuna aliyewasha redio.

Ukumbi wa kusubiri ulikuwa na viti vyekundu vya plastiki. Norene alikaa. Kenna aliruka kiti kimoja akaketi, akalitupa koti lake juu ya kile cha kati.

Muuguzi alitoka na ubao wa karatasi. "Bibi Hadlock? Daktari anapenda kuzungumza na mtu wa nyumbani pia." Akawatazama wote wawili. "Mko pamoja?"

Swali halikuwa la Norene kulijibu.

Kenna aliangalia mikono yake. Kisha akalichukua lile koti kutoka kwenye kiti, akaliweka magotini mwake, na kiti kati yao kikabaki wazi.