Wimbo Ulioanzwa Juu Mno

Hobert Prater alikubali kumpeleka mkewe kwenye onyesho la binti yao kwa sharti moja: yeye mwenyewe atabaki nje, ndani ya gari. Mkewe, Icie, alikuwa ameshavaa gauni lake la Jumapili. Alimjibu kwamba gari ni lake, abaki humo mpaka aote mizizi akitaka.

Delphia alisimuliwa hayo na mama yake nyuma ya jukwaa, katika ukumbi wa michezo wa shule ya Caney Gap aliyosoma utotoni. Alicheka, kisha akageuka kujitazama kwenye kioo ili mama asiuone uso wake. Alikuwa mwanamke mtu mzima sasa, mwimbaji wa muziki wa kantri ambaye redio za Kentucky na Tennessee hazikumaliza siku bila kupiga santuri zake. Lakini baba yake mzazi hakuwahi kumsikia akiimba kwenye onyesho, hata wimbo mmoja.

Haikuwa chuki. Hobert alikuwa mzee wa kanisa, na katika kanisa lao halijawahi kuingia gitaa wala kinanda. Kiongozi hutoa mstari peke yake, kisha watu huupokea na kuuvuta polepole, kama ukungu unavyopanda mlimani. Kwao, sauti aliyoiumba Mungu inatosha. Mbao na nyuzi ni mambo ya dunia. Delphia alipopewa gitaa kuukuu na mjomba wake na kwenda kuimba redioni akiwa bado msichana wa shule, Hobert hakumpiga wala hakumfukuza. Alinyoosha mkono tu, akazima redio.

Delphia akaenda Nashville. Mchana alifua mashuka ya hoteli, jioni aliimba kwenye baa ambako watu walizungumza zaidi kuliko walivyosikiliza. Aliolewa na mpiga fidla, wakaachana kwa amani. Halafu akatunga wimbo wa mwanamke anayeanika nguo huku vumbi la makaa ya mawe likizichafua tena, naye akizifua upya kila mara bila kununa. Wimbo huo ndio uliomtoa. Kila aliporudi nyumbani, baba alimkaangia kuku kwa mkono wake, akamuuliza habari za afya, barabara na mvua. Muziki hawakuugusa. Na kila alipopiga magoti kabla ya kulala, Delphia alimwomba Mungu jambo lilelile: baba anisikie, japo mara moja, tungali hai sote wawili.

Jioni hiyo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni chini ya magoli ya mpira wa kikapu. Delphia na bendi yake walikuwa katika wimbo wa tatu ngurumo ilipopiga, mvua ikashuka na umeme ukakatika. Kipaza sauti kilikufa. Gitaa la umeme la Lonzo, kiongozi wa bendi, likabaki likilia kama nzi kwenye chupa, kisha kimya. Mwanga wa jioni ndefu ya kiangazi bado uliingia madirishani, kwa hiyo hakuna aliyetoka. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba Delphia aendelee tu, maana Icie alikuwa akiwaita watoto kutoka ng'ambo ya mto bila mtambo wowote, na walikuwa wanasikia.

Watu wakacheka. Delphia akasogea mbele ya jukwaa, na kwa kuwa alikuwa kwao, kinywa chake kilikwenda chenyewe kwenye wimbo wa kanisani. Akatoa mstari wa kwanza.

Aliuanza juu mno.

Kwa miaka mingi gitaa ndilo lililompa pa kuanzia, naye sasa alianzia pale furaha ilipompeleka. Akina mama waliupokea mstari wa kwanza wakanyanyua shingo. Wa pili uliwatoa jasho. Katika wa tatu nusu ya ukumbi ikanyamaza, na babu mmoja akapata kikohozi. Kule kanisani jambo hili lina dawa yake: mzee mwingine hudaka mstari unaofuata chini zaidi, watu wakahamia kwake, na hakuna anayelitaja tena. Lakini wazee waliokuwepo walitazamana tu. Hakuna aliyetaka kumshusha mgeni mbele za watu.

Hapo mlango ukafunguliwa. Hobert aliingia na kofia mkononi, maji yakimtiririka mabegani. Dirisha la gari, alieleza baadaye, alikuwa amelifungua kwa ajili ya hewa. Hakumtazama mtu. Akaudaka mstari wa nne, chini, mahali pa kila mtu, na ukumbi mzima ukamfuata kwa sauti nzito iliyotikisa vioo. Delphia alishuka naye. Baba akatoa mstari, binti akatoa unaofuata, wakaendelea hivyo mpaka wimbo ukaisha na Hobert akawa amefika chini ya jukwaa.

"Nani alikufundisha kuanzia juu namna hiyo, mwanangu?" akauliza. "Ulitaka kutuulia wazee?"

"Nimeharibika, Baba. Siku hizi gitaa ndilo linaniambia pa kuanzia."

"Ndiyo maana sisi hatulitaki."

Ukumbi ulicheka, na Lonzo alicheka kuliko wote. Kicheko hakijaisha, taa zikawaka. Vipaza sauti vikaguna. Lonzo akainua mikono yake juu ya nyuzi, akaiacha hewani, na watu wakanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na mtu Caney Gap asiyejua habari za Hobert na redio.

Delphia aliinama.

"Baba, sasa tunarudi kwenye zile zangu. Ukitoka sitaumia."

Hobert aliutazama mlango.

"Mvua inanyesha," akasema.

"Imekatika, Ndugu Hobert," jirani mmoja akamwambia kwa wema. "Sikiliza, bati limenyamaza."

"Kwangu mimi bado inanyesha."

Akaenda kuketi kando ya Icie, akaweka kofia magotini. Delphia alisema ahsante kimoyomoyo, kwa Yule aliyekuwa akimwomba siku zote, kisha akamwashiria Lonzo kwa kichwa. Gitaa likaanza, fidla ikaingia, naye akaimba wimbo wa nguo na vumbi la makaa. Baba alisikiliza amefumba macho, kama asikilizavyo mahubiri. Katika ubeti wa pili aliyafumbua, akamwinamia mkewe na kumuuliza jambo. Mama akajibu, kisha akaanza kucheka hata akashindwa kujizuia, akajifuta macho kwa pindo la gauni lake la Jumapili.

Delphia hakujua waliambiana nini mpaka walipokaa kula nyumbani. Hobert alikuwa ameuliza, "Icie, huyu anayeimbwa ni wewe?"

Naye Icie akamwambia kwamba Kentucky nzima ilishalijua hilo zamani, imebaki yeye tu.