Chaneli za Nyuma

Mwalimu Rwegoshora nilimwamkia kwa sababu mama alinifundisha adabu, si kwa sababu alistahili. Nilisema shikamoo nikiwa nimeinamia sabufa ya mteja, naye akaitikia marahaba huku akitazama dari la duka langu kama anayetafuta linapovuja. Tukawa tumemalizana na salamu.

Huyu ndiye mwalimu wa kwaya ya usharika wetu kule Bugene, mwaka wa thelathini sasa. Mimi ni fundi hapa Kayanga, jirani na stendi. Natengeneza redio, na nahamisha nyimbo kutoka kwenye diski na kanda za zamani kuzipeleka kwenye flashi. Kwa miaka sita alipita mbele ya mlango wangu akielekea kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Siku hiyo aliingia kwa sababu mashine ya huyo fundi ilikuwa imeikataa diski yake kwa siku mbili, na jubilei ya kwaya ilikuwa Jumapili.

Alifungua leso mezani. Niliitambua diski kabla leso haijaisha kufunguka, nikainama kama natafuta bisibisi chini ya meza. Sikutaka auone uso wangu.

Mwaka 2004 alikuja usharikani mgeni kutoka Ujerumani, mtaalamu wa kurekodi. Hakurekodi kama ilivyozoeleka hapa, maikrofoni moja na Mungu akusaidie. Alizungusha maikrofoni tano kanisani, tatu mbele na mbili nyuma karibu na mlango, ili mwenye spika tano nyumbani asikie kama amekaa katikati ya wanakwaya. Alieleza kwamba zile za nyuma zitachukua mwangwi wa jengo. Mwalimu aliposikia hivyo akaona amepata pa kuwatupa watu asiowataka.

Mama yangu, Speciose, alizaliwa Kimuli, huku huku Tanzania, kwa wazazi waliotoka Rwanda. Alikuwa kibarua kwenye kahawa za watu, na alikuwa na sauti. Mwalimu hakuweza kumfukuza kwaya, maana bila yeye sauti ya pili ilikuwa inaanguka kila Jumapili. Lakini diski ilikuwa inakwenda Ulaya. Nilikuwa na miaka minane, nimekaa kizingitini na muwa wangu, nikamsikia Mwalimu akimwambia mama mbele ya watu wote: "Speciose, kasimame kule mlangoni. Kiswahili chako kitatuaibisha ng'ambo."

Mama akaenda mlangoni. Miaka mitatu baadaye akafa. Sura yake ninayo kwenye picha moja ya kipaimara, imepauka lakini ipo. Sauti sikuwa nayo. Ilinitoka kichwani kidogo kidogo, hata nikawa najua tu kwamba alikuwa akiimba, sijui alikuwa akisikikaje. Hakuna anayekuambia kwamba sauti ndiyo hutangulia kusahaulika.

Nyimbo za diski ile zimejaa Karagwe na Kyerwa nzima, kwenye bodaboda, kwenye misiba, kwenye simu za watu. Lakini aliyenakili mara ya kwanza alichukua chaneli mbili za mbele, kwa kuwa watu wengi wana spika mbili, akaacha nyingine zote. Kisha akazikandamiza ziwe nyepesi, na waliofuata wakanakili kutoka kwake. Nimesikiliza nakala zile mpaka nikachukia nyimbo zenyewe. Mama hayumo. Watu huniuliza mwanamke amefuata nini kwenye ufundi redio. Nilifuata sauti hiyo.

Diski halisi iliyobaki huku ilikuwa moja, kwenye kabati la Mwalimu. Niliiomba mara mbili. Mara ya kwanza alisema imepotea. Mara ya pili alisema nitaiharibu.

Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi langu, fimbo katikati ya magoti, ananipa masharti. Alitaka nimtolee nyimbo zikiwa safi kuliko hizo za mitaani. Alitaka za mbele tu, za nyuma ni mwangwi. Tena hatatoka pale mpaka diski yake irudi kwenye leso, kwa sababu yeye halijui duka langu. Nilimjibu kwamba benchi ni lake.

Niliosha diski kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikaikausha kwa pamba kutoka katikati kwenda nje. Ukisugua kwa kuzungusha unaongeza mikwaruzo, na ile ilikuwa imekwaruzwa vya kutosha. Nikaiweka kwenye mashine, nikaiamuru isome taratibu, irudie kila mahali inapokwama. Kuhusu za mbele tu sikubishana naye. Mashine husoma diski nzima, haiulizi nani alisimama wapi.

Ilifika asilimia arobaini na moja ikakwama. Ikawa inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena. Ikifia pale, nimempoteza mama nikiwa nimemshika mkononi. Nilikaa nikiitazama namba ile bila kupepesa, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nikaomba Mungu kwa ajili ya chombo.

"Mmeanza kushindwa," Mwalimu akasema.

"Akina nani, mwalimu?"

Alijua anachosema, na mimi nilijua: akina sisi, damu ya Rwanda. Ningeweza kumtoa nje kwa fimbo yake mwenyewe, lakini leso ilikuwa yake na diski ilikuwa yake, kwa hiyo nikameza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Uchungu wa mama hawakuutungia methali, labda kwa sababu watoto tunaotafuta mama tuko wachache.

Baada ya robo saa namba ikasogea. Arobaini na mbili. Kisha ikaenda yenyewe mpaka mwisho.

Nikageuza sauti ziwe mafaili ya FLAC. Wateja wangu huwa nawaeleza hivi: MP3 ni kahawa iliyokobolewa, ni nyepesi kubeba lakini kilichotoka hakirudi. FLAC ni kahawa ya maganda, ipo nzima. Kisha nikazitenganisha chaneli. Zilikuwa sita kwenye skrini, kila moja na mstari wake: kushoto, kulia, katikati, ya besi, na mbili za nyuma. Mstari wa nyuma kushoto haukufanana na mwangwi. Ulikuwa umejaa.

Nikavaa hedifoni. Kwanza nilisikia mvua juu ya bati, bawaba ya mlango, mtu akikohoa. Halafu akaimba.

Huko mbele watu arobaini walikuwa wakigombania maikrofoni tatu. Huku nyuma mama alikuwa na yake, imesimama kama mkono mmoja kutoka mdomoni mwake. Mwalimu alimpeleka mlangoni ili asisikike, akampa maikrofoni ya peke yake. Kila neno lilieleweka. Kwenye ubeti wa tatu, mahali ambapo kwenye nakala zote kwaya inayumba kisha inajirudi bila sababu, nikasikia sababu. Wa mbele walikuwa wanashuka noti, yeye akashikilia palepale, wakapanda wakamfuata. Miaka yote hii Mwalimu amesifiwa kwa ubeti ule.

Wimbo ukaisha. Mjerumani hakuwahi kukata mkia wake, zile sekunde za baada ya noti ya mwisho, na nilijua kwamba dakika ile nilikuwa nimeinuka kizingitini nimwendee. Mama akasema taratibu, kwa lugha ya nyumbani: "Icara aho, Uwitonze." Kaa hapo. Uwitonze ni mimi.

Nililia bila kutoa sauti, nimempa Mwalimu mgongo.

"Kuna nini huko?" akauliza.

"Mwangwi tu, mwalimu."

Nikamwekea za mbele kwenye flashi, safi kama alivyotaka. Nikairudisha diski kwenye leso. Alisikiliza kidogo, akaitikia kwa kichwa kwamba zinafaa, akaondoka bila asante. Mafaili sita yalibaki kwenye kompyuta yangu, na nakala nyingine mbili nilizificha sehemu ambazo sitazitaja hata leo.

Ijumaa Mchungaji Gosbert alinipigia, akaniomba nilete spika za jubilei, kwa kuwa za kanisa zinakwaruza. Hakujua lolote kati yangu na Mwalimu, au alijua akaona si kazi yake. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumapili nilifika mapema. Niliweka spika tatu mbele, kisha nikabeba mbili mpaka mlangoni, nikazisimamisha pale pale. Mwalimu alikuja na suti yake nyeusi, akazinyooshea fimbo.

"Hizo za nyuma za nini?"

"Za mwangwi."

Nadhani alianza kuelewa, lakini waumini walikuwa wameshaanza kuingia, na yeye si mtu wa kugombana palipo na watu wa kumwona. Akaenda kukaa kiti cha mbele, karibu na mkewe, Mackrine. Mimi nilisimama pembeni, upande wa mimbari, nyuma ya miksa. Zilipomalizika hotuba za kumsifu Mwalimu, na zilikuwa nyingi, mchungaji akasema sasa tusikie kwaya ya zamani. Flashi ya Mwalimu ilikuwa mezani. Niliiacha hapo hapo, nikafungua mafaili yangu.

Ubeti wa kwanza ulitoka mbele, watu wakawa wanatikisa vichwa kwa mazoea. Wa pili nikazipandisha chaneli za nyuma.

Mama akaimba kutoka mlangoni.

Waliogeuka kwanza ni wazee, waliomjua. Nikamsikia mmoja akisema jina lake, Speciose, bila kupaza sauti. Kisha benchi baada ya benchi, kanisa zima likaipa madhabahu kisogo, watu mia tatu wakitazama mlango ulio wazi na jua la nje. Mackrine naye aligeuka, mkono mdomoni. Ubeti wa tatu mbele wakayumba, mlangoni akashikilia, na kila mwenye masikio akasikia ni nani aliyemfuata nani.

Watu wawili tu hatukugeuka. Mwalimu alikaa ameshika fimbo, shingo imekaza, macho yake kwangu, na chuki iliyokuwa machoni mwake nilimrudishia yote bila kupunguza hata chembe. Yeye hakugeuka kwa sababu alijua nani angemwona pale. Mimi sikugeuka kwa sababu nilijua hakuna mtu.

Wimbo ukaisha. Sikuzima. Mvua ya 2004 ikaendelea kunyesha mlangoni, katikati ya jua.

"Icara aho, Uwitonze," mama akasema.

Nikakaa.