Kunguru Juu ya Dohani

Uvumi uliletwa na muuza tofu, ile jibini ya soya, nao ukamganda Qu Yulan kama tope la mpungani: ng'ambo ya mto, mume, mke na mtoto wao walilala juu ya kang, kitanda chao cha matofali chenye moto chini, wasiamke tena. Eti walikutwa na mashavu mekundu, wanatabasamu, kana kwamba wote watatu waliota ndoto moja.

"Huyo anauza maneno kuliko tofu," mama mkwe wake alicheka, amekunja miguu juu ya kang. "Miaka sitini nalalia moto wa mabua ya mpunga. Umewahi kunila?"

"Mama, kile kibao cha dohani usikisukume mapema. Nakuomba."

"Mkamwana wangu, kumbe unataka kuwapasha moto kunguru!"

Hapo ndipo penye neno. Mabua huwaka upesi, hufifia upesi; na kila nyumba kijijini ina kibao cha chuma cha kuziba dohani, joto lisitoroke. Mwenye haraka huziba makaa yangali mekundu chini ya jivu. Mabibi huita hilo kuweka akiba.

Mchana ule Yulan alitia mafungu mawili ya mabua motoni, akatoka uani kuchukua mengine. Binti yake Xinhe, wa miaka sita, alikuwa amelala ubavuni mwa bibi. Theluji ilianguka bila sauti. Lundo la mabua lilinukia jua la mavuno. Akaliegemea kidogo tu, fungu mikononi, akajiona yuko shambani tena, masuke yakimgusa mikono, Xinhe akimwita kutoka mbali, mbali sana. Kunguru akatua juu ya dohani, akatulia.

Yulan alimtazama kama anayetazama ndoto.

Kunguru hatui juu ya moshi.

Mabua yakamponyoka. Aliusukuma mlango, akauacha wazi. Kibao kilikwisha sukumwa, sumu ya makaa imefungiwa ndani. Joto la ndani lilikuwa tamu, zito kama uji.

"Xinhe! Amka!"

"Niache, mama... naelea," mtoto alinong'ona, mashavu mekundu kama pilipili za kuanikwa.

Alimbeba hadi nje, akarudi akamburuta bibi kwa makwapa. Theluji ilimwangukia mtoto kopeni, na kope hazikucheza. Kisha akatapika. Kisha akalia, na Yulan hajapata kusikia kilio kizuri kama kile.

Bibi alifumbua macho. "Mlango... joto lote linakwenda."

"Liende, mama. Wapate kunguru."

Nawe unayewasha mabua, shika haya:

Usizibe dohani kabla ya kulipekua jivu lote. Ukiona kaa jekundu hata moja, acha.

Usimwachie kibao mtu mwenye usingizi, hata akiwa mkweo.

Usibandike karatasi kwenye kila ufa wa dirisha.

Usiseme "amechoka tu" mtoto akilalamikia kichwa.

Ukimtoa nje, usikae kungoja apate nafuu. Mpeleke hospitali.

Usicheke uvumi wa muuza tofu.