Kopo la Vidonge

Wewe unayesoma, umewahi kumwona mwanamume akitoka chooni kashikilia ukuta, jasho linamtoka, nawe ukaangalia pembeni. Usikatae. Hata mimi niliangalia pembeni.

Kwenye karakana yetu ya useremala, kati ya gundi na misumari, palikaa kopo la vidonge vilivyobaki. Mkojo ukikuchoma, unameza viwili. Ukipata nafuu, unamwachia mwenzako vilivyosalia. Tuliuita ushirika. Ushirika gani! Miaka kumi na moja nyuma, mpiga vanishi alimeza vya humo. Maumivu yakaenda, ugonjwa ukabaki. Korodani zikavimba, na hadi leo hajaitwa baba. Wenzangu wamesahau. Mimi sijasahau.

Kwa hiyo nilipomkuta Bawaba, fundi wetu wa milango, mkono uko ndani ya kopo, nililikwapua.

"Kaka, viwili tu. Nakojoa pilipili. Na usaha unatoka."

"Mkeo ana mimba ya miezi minane, nawe unataka viwili tu?"

"Watanicheka."

"Wacheke! Mkojo ni wako au wao?"

Nilimsindikiza hadi zahanati. Tabibu, mama wa makamo, hakumgombeza. Alimuuliza imeanza lini, akachukua usaha kwa kijiti chenye pamba, akapima.

"Kisonono, mwanangu. Kinatibika. Utachomwa sindano, na vidonge hivi umalize vyote, hata ukijiona mzima. Na mkeo?"

"Mke wangu haumwi, mama."

"Wanawake wengi hawaoni dalili. Mtoto akizaliwa mama bado ana ugonjwa huu, anaweza kupofuka. Mlete. Wiki nzima msikutane kimwili. Na mwanamke mwingine yeyote uliyelala naye, naye aambiwe."

Bawaba aliinamisha kichwa. Siku hiyohiyo alimpigia simu yule mwanamke wa nje, akamwambia. Kumwambia mkewe ndiko kulikomtoa jasho zaidi kuliko sindano. Jioni alijikaza, akasema yote. Alitukanwa hata paka akahama nyumba. Asubuhi mkewe alikuwa mlangoni, kajifunga khanga, anamngoja.

"Kukusamehe ni baadaye, nikitaka. Sindano kwanza. Twende!"

Mwezi uliofuata nilikuwa napiga randa nikasikia mtu anapiga kelele toka barabarani. Bawaba, kiatu kimoja mguuni.

"Kaka! Mtoto ananiangalia! Kanikodolea macho kama ananidai!"

Nilikaa juu ya maranda nikacheka mpaka machozi. Hata mpiga vanishi alimshika mkono, akaushika muda mrefu.

Vidonge vya kopo tumempelekea tabibu aviteketeze. Siku hizi koponi mna skrubu za bawaba.

Sasa wewe. Unachomwa? Unatokwa usaha? Au ni ndugu yako, na wewe unajifanya unatafuta misumari? Funga ukurasa huu. Simama. Zahanati iko wazi: nenda leo, na mwenzako mwambie leo. Aibu mtaijadili mkirudi.